Nyumba ya Bibi Inauzwa, Waliozaliwa Humo Hawajaulizwa

Dalali alikuja saa nne asubuhi na futi yake mkononi. Alipima sabule, chumba cha wageni, akapima chumba cha ndani, akapanda darini kuitazama bahari, kisha akamwambia khaloo, dadake mama, kuwa vyumba ni vyembamba mno, mwenye kununua itabidi avunje ukuta. Khaloo alikuwa amekaa kitandani. Alizaliwa katika chumba hichohicho.

Nyumba iko Mkomani, katika mji wa kale wa Lamu, ule ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu dari imelazwa juu ya boriti za mikoko, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Ukuta anaotaka uvunjwe ndio uliobeba sakafu ya juu.

Bibi alipewa nyumba hii na babake alipoolewa. Ndiyo ada ya nyumba za mawe za Lamu: binti hakuhamia kwa mume, mume ndiye aliyekuja kwake. Wikio letu, daraja la ghorofani, limevuka kichochoro mpaka nyumba ya dada yake bibi, na wanawake wakitembeleana humo bila kukanyaga njia. Nyumba iliyojengewa binti leo inauzwa na wanawe wa kiume, na mabinti wamepata habari kwa dalali.

Sina neno na mirathi. Bibi ameacha wana wawili na mabinti wawili, kwa hiyo kila mjomba ana sehemu mbili katika sita, mama na khaloo moja moja. Wajomba wana theluthi mbili na ni haki yao, tena mmoja anasomesha watoto Mombasa na hali yake naijua. Ninachokipinga ni kumtafuta mnunuzi nje kabla ya kumuuliza mwenzio aliye ndani. Sheria yetu ya Kiislamu ina shufaa: mshirika akimuuzia mtu mwingine fungu lake, mshirika mwenzake ana haki ya kulichukua kwa bei ileile. Mbona tungoje kufika kwa kadhi, ndugu wa tumbo moja wakabiliane mbele ya watu, na jambo lenyewe lingemalizwa kwa simu moja?

Najua nitaambiwa nyumba inaanguka. Kweli, na lawama ni yetu sote. Mwaka juzi lipu ya ukuta wa choo, juu ya birika, ilimomonyoka. Fundi wa chokaa alitaka pesa ambayo hakuna aliyeituma, tukapiga saruji. Mawe ya matumbawe yanataka kupumua. Saruji imeziba unyevu na chumvi ndani, na sasa ukuta unatoka jasho mpaka kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Zidaka hizohizo dalali alizipiga picha nyingi kuliko kitu chochote, eti ndizo zitakazopandisha bei. Khaloo hupangusa vumbi humo kila Alhamisi, kidaka kimoja kimoja, kwa pembe ya leso.

Mjomba wangu mdogo amenituliza kwamba hata mnunuzi akiwa mgeni hamiliki daima, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya 2010 inampa asiye raia miaka 99 tu. Mjomba, khaloo ana miaka 71. Hiyo 99 itamsaidia nini?

Basi nasema waziwazi, na wajomba wangu watasoma: mtuuzie sisi. Nyumba ithaminiwe na mtu asiye wa upande wowote, tulipe kidogo kidogo kwa miaka minne, tuandikiane mbele ya mashahidi. Tukimaliza, tuifanye wakfu kwa mabinti wa ukoo, isirudi tena mikononi mwa dalali.

Khaloo ameshatoa bangili zake mbili, amezifunga kwenye leso, amezipeleka kwa sonara kupimwa. Mjomba, simu yako tunaingoja.