Fanksheni moja, jibu la aina moja

Python ina tabia ya kunyamaza. Fanksheni ikifika mwisho bila kukutana na `return`, agizo la kutoa jibu, hailalamiki. Inarudisha `None`, yaani "hakuna kitu", kimyakimya.

```
def bei(bidhaa):
    if bidhaa in orodha:
        return orodha[bidhaa]
```

Bidhaa ikiwepo, unapata namba. Isipokuwepo, unapata `None` ambayo hakuna aliyeiandika. Ukiijumlisha kwenye hesabu, programu inaanguka kwa `TypeError`, na hapo una bahati. Ukiichapa kwenye risiti, mteja anasoma "Bei: None" na kazi inaendelea kama kawaida.

PEP 8, mwongozo wa uandishi wa Python, unasema ama kila `return` ndani ya fanksheni itoe thamani, ama isitoe hata moja. Tawi lisilo na jibu liandikiwe `return None` waziwazi. Kwangu hiyo ni nusu ya kazi. `None` iliyoandikwa bado inamtwisha anayeiita fanksheni mzigo wa kukagua kila mara, naye siku moja atasahau. Bidhaa ambayo lazima iwepo ikikosekana, simamisha kazi kwa `KeyError`. Fanksheni inayotafuta vitu vingi irudishe orodha tupu, `for` ipite juu yake bila kukwama. `None` ibaki pale ambapo kukosa ni jambo la kawaida.

Ila kuna kibaya kuliko `None`: namba inayojifanya jibu. `find` ya maandishi ikikosa kitu hurudisha -1, na katika Python -1 ni nafasi halali, ile ya mwisho.

```
mstari[:mstari.find(":")]
```

Ukiipa "sukari:3200" inatoa "sukari". Ukiipa "unga", isiyo na nukta mbili, inatoa "ung". Herufi imeliwa na hakuna kosa lililoripotiwa. `index` ingepiga kelele ya `ValueError` papo hapo. `mstari.partition(":")[0]` ingekupa "unga" nzima.

(Wanaodai `return` iwe moja tu, chini kabisa, siwaelewi. Tatu za aina moja ni nyepesi kusoma kuliko moja iliyofukiwa chini ya `else` tano.)

Kwa kodi ya zamani, anza na pylint, zana ya kukagua kodi, ukiwasha onyo moja tu, R1710, la `return` zisizolingana:

```
pylint --disable=all --enable=R1710 duka.py
```

Kisha andika `-> int` kwenye fanksheni, yaani jibu liwe namba kamili, na mypy, zana ya kukagua aina, italikataa tawi lililosahauliwa. Ile -1 itaipita, maana nayo ni `int` kamili.