Sanamu Zetu Hazina Majina

Vijiji vingi vya Uingereza, hata vile vyenye duka moja tu, vina nguzo ya mawe karibu na kanisa. Juu yake yamechongwa majina ya waliokufa vitani 1914 hadi 1918, na chini yao wale wa vita ya pili. Kwangu mimi hiyo ndiyo sanaa ya vita iliyo bora kuliko zote walizo nazo Waingereza. Mchoro wa mchoraji Sargent uliopo Imperial War Museum, makumbusho ya vita ya London, wenye upana wa mita 6 na ushei, unaonyesha askari waliopofushwa na gesi wakiongozana kwa kushikana mabega. Unaumiza moyo, lakini hujui hata mmoja wao ni nani. Nguzo ya kijiji inakuambia.

Nyumbani Afrika Mashariki tuna sanamu nzuri za shaba za kuwakumbuka waliopigana vita hiyo ya kwanza. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, kazi ya James Alexander Stevenson, ni ya 1927. Nairobi ina yake ya 1928, na humo mpagazi amesimama pamoja na askari. Maandishi yake, yaliyotungwa na mwandishi Mwingereza Kipling na kuwekwa pia kwa Kiswahili, yanawaita wapagazi mikono na miguu ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba anayekufa vitani, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halipo.

Waingereza hawakusahau majina hayo, waliamua kutoyaandika. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Makaburi ya wapagazi yaliachwa yageuke pori. Kilichobaki ni Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi, majina ya mahali yaliyotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.

Shaba yenyewe itunzwe, hasa Dar, kwa sababu ya chumvi ya bahari. Ioshwe kwa maji safi, sabuni laini na brashi laini, ikauke kabisa, ipakwe nta nyembamba na kusuguliwa kwa kitambaa, kila mwaka. Brashi ya waya na dawa ya kung'arisha ni marufuku: huondoa utando wa kahawia unaoikinga, kisha chumvi huila shaba na kuacha madoa ya kijani.

Lakini kazi kubwa ni kuyakusanya majina na kuyachonga kwenye jiwe, na tusiwangojee Waingereza. Yaanzie kwa wazee wa ukoo: jina la mtu, la baba yake, kijiji, na alikopelekwa. Kisha yalinganishwe na vitabu vya ubatizo na kumbukumbu za jeshi. Makarani waliandika kwa kusikia, hivyo mtu mmoja aweza kuwa na tahajia tatu. Zote zihifadhiwe daftarini, na jiweni iende ile inayotamkwa na familia. Herufi zichimbwe kwa umbo la V, kwani rangi peke yake hubanduka. Chini ya orodha ibaki nafasi tupu ya kutosha: familia nyingine zitakuja na majina yao jiwe likiwa limeshasimama.