Sifuri si nafasi tupu: tuache kujazia miezi kwa array_pad

Kwa takwimu za mvua za Dodoma, array_pad ya PHP, yaani amri ya kujaza safu (orodha ya data) hadi ifike idadi unayotaka, ni chaguo baya, na ubaya wake hauonekani mapema. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mwezi wa Julai kipimo kinaweza kusoma sifuri siku zote. Sifuri hiyo ni taarifa kamili: mtu alikwenda, akakuta kipimo kikavu, akaandika. Ukiipa sifuri hiyohiyo na miezi ambayo haijapimwa, hakuna tena wa kuzitofautisha.

Tuseme tuna milimita hizi, na funguo ni namba za miezi:

$mvua = [11 => 0, 12 => 104, 1 => 130];
$mwaka = array_pad($mvua, 12, 0);

Ikishaongeza kitu, array_pad huzipanga upya funguo zote za namba kuanzia 0. Za maneno tu ndizo hubaki. Kwa hiyo $mwaka[1], unayodhani ni Januari, inatoa 104 za Desemba. Februari inabebeshwa 130 za Januari. $mwaka[12] haipo kabisa, na PHP 8 itakupa onyo. Wastani nao unaporomoka: 234 kwa 12 ni 19.5, ilhali kwa miezi mitatu iliyopimwa ni 78.

Kinachoniudhi zaidi: safu ikiwa tayari na vitu 12, inarudishwa ilivyo, funguo zikiwa salama. Ukiijaribu skripti kwa mwaka uliokamilika utaapa kwamba iko sawa.

Andika hivi:

$mwaka = array_replace(array_fill(1, 12, null), $mvua);

Miezi 1 hadi 12 inaandaliwa ikiwa tupu, kisha kila kipimo kinaingia kwenye mwezi wake. Kabla ya wastani, chuja kwa array_filter($mwaka, fn($x) => $x !== null). Usiliache sharti hilo, maana bila hilo sifuri ya Novemba nayo inafutwa.

array_pad inafaa pale nafasi zinapofuatana na pengo liko mwishoni, kama mstari "Chamwino,Buigiri" unaotakiwa kuwa na wilaya, kata na kijiji (explode huukata kwenye koma):

array_pad(explode(',', $mstari), 3, null)

Ukiweka -3, inajaza mwanzoni. Mstari wenye vipande vinne haiukati. Hapo tumia array_slice kuukata.