Jina la Ujana Atalibeba Hadi Uzeeni

Mzazi anayemtafutia bintiye jina la Kigiriki lenye maana ya ujana hupewa orodha fupi. Hebe: ujana. Kora: msichana. Kloe: chipukizi. Thalia: anayechanua. Neaira: mchanga. Kila jina na neno lake moja pembeni, basi. Orodha hizo zinaniudhi, kwa sababu zinamfanya mzazi achague kwa kumtazama mtoto mchanga aliye mikononi mwake, na huyo hatadumu. Ujana wa mtu ni miaka michache. Jina litakuwepo siku anapoolewa, siku anapozika wazazi wake, siku wajukuu wanapomwita kutoka uani. Jina la ujana linafaa kupimwa kwa yule bibi kizee atakayekuwa bado anaitwa hivyo. Na Wagiriki, waliotuachia majina haya, hawakuyaacha matupu. Kila moja lina mtu ndani yake, na wengine kati ya watu hao waliteseka.

Nianze na Hebe, maana yeye ndiye ujana wenyewe, binti wa Zeus, mfalme wa miungu, na mkewe Hera. Wengi wanamjua kama msichana mzuri anayewamiminia miungu nekta, kinywaji chao. Ni kweli anamimina. Homer, mshairi wa kale, anamwonyesha hivyo katika utenzi wake wa Iliadi, kitabu cha 4. Lakini fungua kitabu kinachofuata. Hera anataka kwenda vitani, na anayemfungia magurudumu kwenye gari lake la farasi ni Hebe, magurudumu ya shaba yenye spoki nane. Mwishoni mwa kitabu hichohicho Ares, mungu wa vita, anarudi Olympus, mlima wanakoishi miungu, akiwa amechomwa mkuki. Akishatibiwa, Hebe ndiye anayemwogesha na kumvika nguo safi. Huu ndio ujana ninaoutambua mimi: msichana wa nyumbani ambaye kila mtu anamtuma, na ambaye bila yeye mama hafiki safari na mgonjwa hatakati. Baadaye anaolewa na Herakles, mtu aliyechoshwa na kazi 12 na kufa kwa maumivu makali juu ya mlima Oita, kisha akapokewa miongoni mwa miungu. Ujana unaolewa na mtu aliyekwisha kupita katika taabu zote. Sijui hadithi ya ndoa iliyopangwa kwa busara kuliko hii.

Lakini ninachokipenda zaidi kuhusu Hebe kiko katika mji mdogo wa Phlius, huko Peloponnesos. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK aliyeandika habari za mahekalu ya Ugiriki, alifika huko akakuta kwenye ngome msitu wa miberoshi na patakatifu pa kale sana. Wenyeji walimwambia kwamba mungu wa hapo zamani aliitwa Ganymeda, na kwamba siku hizo walimwita Hebe. Sanamu haikuwepo, wala ya wazi wala ya kufichwa. Heshima kubwa aliyopewa ilihusu waombaji: aliyekimbilia hapo kuomba hifadhi alisamehewa, na wafungwa walipoachiwa huru walikwenda kutundika pingu zao juu ya miti ya msitu ule. Fikiria miti yenye minyororo inayoning'inia, kila mnyororo umetolewa mguuni mwa mtu aliyekuwa hana tumaini. Watu wa Phlius waliona ujana ni hicho, kuanza upya bila deni la jana. Mtoto akiniuliza kwa nini anaitwa Hebe, sitamwambia habari za nekta. Nitamwambia habari za pingu.

Na jina hilo halikubaki Ugiriki. Lilifika Amerika ya Kusini, na mwaka 1928 huko Argentina alizaliwa msichana aliyeitwa Hebe. Ulimwengu ulimjua baadaye kama Hebe de Bonafini. Mwaka 1977, chini ya utawala wa kijeshi, wanawe wawili wa kiume walitekwa wakapotea, na mwaka uliofuata mkwewe naye akapotea. Alikuwa mama wa nyumbani. Akaungana na akina mama wengine waliokuwa wakizunguka Plaza de Mayo, Buenos Aires, wakiwa wamefunga vitambaa vyeupe kichwani, vitambaa ambavyo mwanzoni vilikuwa nepi za watoto, wakiuliza watoto wao wako wapi. Akaongoza chama chao kwa miongo mingi, na alipofariki mwaka 2022 alikuwa na umri wa miaka 93. Mwanamke aliyeitwa Ujana alizeeka akidai habari za vijana walionyimwa ujana wao. Hakuna orodha itakayokueleza kwamba jina hili linaweza kubeba mzigo wa namna hiyo, na ndiyo maana naliona ni jina zito, linalofaa kwa mtu mzima kuliko kwa mtoto.

Kora ni habari nyingine, na hapa nasita. Jina hili ni umbo la kisasa la kore, yaani mwali, msichana aliyevunja ungo ambaye hajaolewa. Wagiriki waliwachongea wali hao sanamu nyingi za mawe. Kundi kubwa lilifukuliwa mwaka 1886 kwenye Akropolis ya Athens, ambako lilikuwa limezikwa tangu Waajemi walipoichoma ngome hiyo mwaka 480 KK. Zinatabasamu na kupendeza. Ila ninayemkumbuka kila jina la Kora linapotajwa ni mmoja tu, na hakutoka Akropolis.

Anaitwa Phrasikleia. Sanamu yake ya marumaru ilifukuliwa mwaka 1972 huko Merenda, mashariki ya Athens, na sasa iko katika Jumba la Taifa la Makumbusho ya Kale. Ilichongwa na Aristion wa Paros kati ya mwaka 550 na 540 KK. Msichana amesimama wima, gauni lake bado lina mabaki ya rangi nyekundu, amevaa taji la maua ya yungiyungi, na mkononi ameshika tumba moja ambalo halijafunguka. Jiwe la chini, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa limejengewa ndani ya kanisa la jirani, lina maneno yake mwenyewe: hili ni kaburi la Phrasikleia, nitaitwa mwali siku zote, kwa kuwa badala ya ndoa miungu imenigawia jina hili.

Wazazi waliosimamisha jiwe lile walijua jina la mwali linatakiwa lipite. Msichana aitwe hivyo, kisha aolewe, aitwe mke, aitwe mama fulani. Kwao kubaki kore milele ilikuwa msiba. Sisi tunaotamani binti asizeeke hatuoni kwamba watu walioishi na neno hilo walililia. Nadhani watu wa pwani na wa kusini mwa Tanzania, ambako mwali huingia ndani, hufundwa, na siku yake ya kutoka ngoma hulia, wanalielewa jiwe la Phrasikleia kuliko watu wengi. Mwali asiyetoka ni jambo la kuliliwa.

Kuna Kore mwingine, Persephone, aliyekuwa akichuma maua kondeni ardhi ilipopasuka na Hades, mungu wa kuzimu, akamchukua. Mama yake Demeter, mungu wa mavuno, alimtafuta, akaiacha dunia nzima ikose mavuno, hadi Zeus aliporidhia arudishwe. Kwa kuwa alikuwa ameonja mbegu ya komamanga huko chini, theluthi moja ya kila mwaka ilibidi akae kwa Hades na sehemu iliyobaki akae na mama yake. Huyu anarudi, na anaporudi si msichana tena, ni malkia wa wafu. Ukimpa mtoto jina la Kora, nakuomba umsimulie huyu kabla ya yule wa kaburini. Mimi binafsi nisingelitoa.

Neaira naye anasikika vizuri mdomoni. Homer analo: ni mama wa mabinti wawili waliochunga ng'ombe wa Jua. Lakini Neaira tunayemfahamu kwa undani aliishi karne ya 4 KK, na tunamfahamu kwa sababu alishitakiwa Athens. Hotuba iliyobaki ni ya upande wa mashitaka, kwa hiyo kila sentensi inataka tumdharau. Hata hivyo ukweli unachungulia humo. Alinunuliwa akiwa mtoto mdogo na mwanamke aliyeitwa Nikarete, huko Korintho, pamoja na wasichana wengine. Nikarete alijua kutambua watoto ambao wangekuwa warembo, akawalea kwa ajili ya kuuza miili yao, na kuwaita binti zake ili wanaume walipe zaidi. Hotuba yenyewe inasema Neaira alianza kutumikishwa kabla hajafikia umri. Jina lenye maana ya mtu mchanga, kwenye mwili wa mtoto aliyeuzwa kwa sababu ya uchanga wake. Baadaye alikusanya fedha akajikomboa, akapata mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao, na bado wakaja kumburuta mahakamani akiwa mtu mzima. Nikilisikia jina hilo natamani apewe msichana mmoja mwenye wazazi wanaomlinda kwelikweli, ili angalau liishi maisha mengine. Ni sababu ya hasira na huruma zaidi kuliko ya uzuri wa sauti, lakini naona inatosha.

Mengine yanayochomekwa kwenye orodha hizi hayastahili kukaa humo. Juliana na Julia ni ya ukoo wa Kirumi. Neno la Kigiriki linalosogezwa karibu nayo ni la vinyweleo vya kwanza vya ndevu za mvulana, ambavyo sioni vinamhusu vipi binti yako. Talitha ni la Kiaramu, kama kila aliyesoma habari ya binti Yairo anavyojua.

Sasa Kloe. Hapa moyo wangu unatulia. Wagiriki waliliita jani bichi linalochomoza kwa jina hili, na Demeter mwenyewe aliitwa hivyo, Demeter wa mimea michanga. Karibu na lango la Akropolis palikuwa na patakatifu pake, na alishiriki mahali hapo na mungu Ardhi, aliyeitwa mlezi wa vijana. Kwa hiyo chipukizi hakuachwa peke yake. Alikuwa na mlezi jirani yake. Na jina hilo lilishatufikia zamani, maana limo katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, pale Paulo anaposema ameletewa habari za fitina na watu wa nyumbani mwa Kloe. Huyo si mtoto. Ni mwanamke mwenye nyumba, mwenye watu wanaosafiri kwa jina lake, na habari zao zinaaminika kiasi cha mtume kuziandikia barua. Hatuambiwi mumewe ni nani. Nyumba inaitwa yake.

Vivyo hivyo Nimfa, ambaye jina lake linatokana na neno la bi harusi, la mwanamke kijana. Katika Wakolosai anasalimiwa yeye na kanisa lililo katika nyumba yake. Wanawake wawili wenye majina ya wasichana, na wote wawili tunawakuta wakiwa watu wazima wanaosimamia nyumba zao. Wakristo wengi wa Afrika Mashariki wanawapita katika Biblia bila kugeuka, kisha wanakwenda kutafuta majina kwingine.

Kitu kimoja zaidi, na kwangu ndicho kikubwa. Ugiriki ya leo jina la msichana kwa desturi halichaguliwi kwenye orodha kabisa. Mtoto hupewa jina la bibi yake, mara nyingi mama wa baba, na katika visiwa vingi mama wa mama. Kabla ya ubatizo wengine humwita mtoto tu, kama kwamba jina bado liko kwa mwenyewe likisubiri kupitishwa. Wakikuyu wanafanya karibu vilevile: binti wa kwanza kwa mama wa baba, wa pili kwa mama wa mama. Kwa namna hiyo Anthi, yaani ua, au Thalia wa kijijini ni bibi wa miaka 80 mwenye fimbo, na ni mjukuu anayejifunza kutembea, na wote wanageuka ukiita. Yule mdogo hatahitaji kuelezwa kwamba jina lake linaweza kuzeeka vizuri, kwa sababu somo wake yuko mbele yake anakunywa kahawa. Na siku ya jina, yaani sikukuu ya mtakatifu wa jina hilo, ikifika, kila anayeingia mlangoni anawatakia miaka mingi. Familia zinazofuata desturi hii zimetatua lile linalonisumbua bila kulijadili.

Mtoto wa dada yangu na mkewe wanatarajia binti, na wamenitumia orodha ya majina ya ujana ya Kigiriki wakitaka maoni ya mama mdogo. Nimewajibu: Kloe kwanza, Hebe pili kama wana moyo wa kumsimulia habari za pingu. Kora na Neaira waniulize tena kwa simu kabla ya kuandika popote. Kisha nikawauliza kama wamefikiria jina la mama wa baba, dada yangu, ambaye yupo, ana afya na bado hajapata somo. Wameniambia lilikuwa la pili. Nimewaomba liwe la kwanza, na Kloe lifuate.