Wageni wadogo, na pa kuwapeleka hakuna

Wapwa zangu wamekuja Dar kutoka Songea, mmoja ana miaka 4, mwingine 6. Jumamosi nikawapeleka sehemu ya michezo ya watoto. Kiingilio nimelipa getini, kufika ndani kila bembea ina bei yake! Dakika kumi tu, mtoto anashushwa analia. Hata maji tuliyotoka nayo nyumbani tumeambiwa tuyaache mlangoni. Maji ya mtoto wa miaka minne, jamani! Imeniuma sana.

Jumapili tukaenda Coco Beach. Wamechimba mchanga bure, wakala mihogo ya kukaanga, wakagoma kuondoka. Lakini si kila mzazi ana nauli ya kufika baharini. Viwanja tulivyochezea sisi mtaani vimeshajengwa fremu za maduka. Watoto wacheze wapi?