Kaskazini Ipi?

Jamani, nani kasema Marekani ina baridi moja? Utabiri wa siku mbili kwenye runinga unaishia hapa: "Theluji kaskazini, mvua kusini." Kaskazini ipi? Seattle inanyeshewa, Minneapolis imeganda, na zote ni kaskazini! Na jiji la Buffalo je? Upepo baridi ukipita juu ya Ziwa Erie huzoa unyevu, kisha huumwaga kama theluji kwenye ukanda mwembamba: mtaa huu umefukiwa hadi madirishani, mtaa wa pili lami inaonekana. Ramani inapaka kote buluu! Sisi tunaokwangua barafu kwenye vioo vya magari alfajiri, buluu itusaidie nini? Watabiri, tutajieni kaunti! Tuambieni saa ambayo mvua itageuka barafu! Nyuzi 0 za Selsiasi, maji yanapoganda, ndizo zinazotuangusha barabarani, nanyi mnazipita mbio!