Ukilala Chini ya Mizabibu, Nunua Chupa

Jioni ile pale Bremm, kijiji cha bonde la mto Mosel huko Ujerumani, jirani yetu wa kambini alitoa boksi la mvinyo wa supamaketi kwenye gari-nyumba lake, akakaa kwenye kiti kuutazama mlima wa Calmont wenye mashamba ya mizabibu. Mvinyo wenyewe haukutoka hata Ujerumani. Nyuma yake, hatua chache tu, palikuwa na mlango wa mkulima na kibao cha kukaribisha wanunuzi. Nililala na hasira.

Calmont inafika mteremko wa nyuzi 65. Trekta halipandi pale. Mtu anaufuata mzabibu kwa miguu, juu ya mawe meusi yanayoporomoka, na kuta za matuta zikibomoka hujengwa upya kwa mikono. Mimi ni mtoto wa Lushoto. Najua magoti ya mtu aliyelima mlimani miaka 40 yanavyokuwa. Ndiyo maana nikiona matuta ya Mosel yaliyomezwa na vichaka, roho inaniuma. Hayakukosa jua wala udongo. Yamekosa mtu wa kuyapanda, kwa sababu jasho lile halilipi.

Na kazi hiyo ni ya tangu Warumi. Kule Neumagen, kijiji kingine cha Mosel, lilichimbuliwa pambo la kaburi la karne ya 3 lililochongwa kama mashua iliyobeba mapipa. La asili lipo makumbusho ya Trier, nendeni mkalione. Mwaka 1787 askofu mtawala wa Trier, Clemens Wenzeslaus, aliamuru mizabibu duni ing'olewe ipandwe mbegu bora. Leo Riesling, aina ya zabibu nyeupe, imetawala sehemu kubwa ya bonde.

Wenzangu wa magari-nyumba, ada ya kuegesha mmelipa, nakubali. Na chupa ya mkulima ina bei kuliko boksi, hilo nalo kweli. Lakini mandhari mnayoifuata kwa kilomita mia kadhaa ni shamba la mtu, na ada ya maegesho haimfikii anayejenga ukuta. Baadhi ya wakulima wanaruhusu magari-nyumba kulala uani kwao. Laleni huko!

Asubuhi tuligonga mlango ule. Akafungua mama mtu mzima, mikono imekakamaa. Nikamuuliza zabibu zake ziko wapi. Hakusema kitu, akanyoosha kidole juu ya paa la gari letu.

Tulichukua maboksi mawili ya chupa, tukayasukuma chini ya kitanda. Mpaka mji wa Cochem chupa zililia kila kona.